Kuona si Kujua: Ndege za Upelelezi katika Vita vya Kisasa

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo mkali. Mada ilikuwa: nchi iliyo na macho angani haiwezi kushindwa vitani. Watetezi walisimama kidete wakasema mwenye macho haambiwi tazama. Walitaja ndege kubwa zenye rada mgongoni, na ndege zisizo na rubani zinazoweza kumfuata mtu kutwa nzima bila yeye kujua. Wapinzani nao wakajibu kwamba vita hupiganwa na watu, si macho. Makofi yakapigwa, kengele ya prepu ikalia, watu wakatawanyika. Mimi nilikuwa katibu, na kazi ya katibu ni kuandika, si kusema. Kwa hivyo nimeomba kurasa hizi ili nami nitoe mawazo yangu kwa utulivu.

Hoja yangu ni moja tu. Ndege za upelelezi zimebadilisha vita kabisa, hilo halina ubishi. Lakini kuona si kujua, na pale wakubwa wa vita walipoyachanganya mambo haya mawili, watu wasio na hatia walipoteza maisha. Hebu tufuatane hatua kwa hatua.

1. Tuelewane kwanza

Ndege ya upelelezi ni ndege ambayo kazi yake kuu si kupiga bali kutafuta habari za adui: yuko wapi, wako wangapi, wana silaha gani, wanaelekea wapi. Nyingine hupiga picha, nyingine hutumia rada, nyingine hunasa mazungumzo ya redio. Siku hizi kuna zile zisizo na rubani ambazo huchungulia na pia hubeba makombora.

Kiswahili chetu kina maneno matatu yatakayotusaidia katika somo hili: kuona, kutambua na kujua. Chukua mfano wa mwalimu wa zamu aliyesimama dirishani ghorofani. Anatazama chini na kuwaona wanafunzi watatu nyuma ya bweni. Hapo ameona. Akikaza macho na kugundua ni akina nani, ametambua. Lakini je, wanafanya nini pale? Wanavuta sigara au wanasaidiana hesabu? Hilo hawezi kulijua mpaka ashuke ngazi au apate habari nyingine. Mwalimu mwenye haraka ataadhibu kwanza na kuuliza baadaye. Tutaona kwamba hata majeshi makubwa yana walimu wa namna hiyo.

2. Jambo hili lilianza vipi?

Tamaa ya kupanda juu ili kumchungulia adui si ya juzi. Mwaka 1794, katika mapigano ya Fleurus huko Ubelgiji, Wafaransa walipandisha puto lenye watu ndani yake ili kutazama majeshi ya adui. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoanza 1861, Thaddeus Lowe alipanda kwa puto na kutuma habari chini kwa waya wa simu ya maandishi.

Kisha ndege zikavumbuliwa. Je, wajua safari ya kwanza ya ndege ya upelelezi vitani ilifanyika wapi? Si Ulaya. Ilifanyika katika bara letu la Afrika, nchini Libya, tarehe 23 Oktoba 1911, wakati Waitalia walipokuwa wakipigana na Waturuki. Rubani alikuwa Kapteni Carlo Piazza. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1914, marubani waliokuwa wakichungulia karibu na Paris waliona jeshi la Wajerumani likigeuza njia na kuacha ubavu wake wazi. Habari hiyo iliwasaidia Wafaransa na Waingereza kushambulia na kuuokoa mji.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ina kisa chake, na ni kisa kitamu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake. Baadaye Königsberg ikajificha ndani ya delta ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji ni machache, na kutoka baharini mikoko iliziba kila kitu. Waingereza walijua mnyama yuko kichakani lakini hawakuweza kumlenga.

Dawa ilitoka angani. Ndege zililetwa, na mwaka 1915 zikawa na kituo katika kisiwa cha Mafia. Zikaja pia meli mbili za chini chini, Severn na Mersey, zenye mizinga mikubwa. Meli hizo ziliingia mtoni na kupiga juu ya mikoko bila kuiona shabaha, huku ndege ikizunguka juu na kutuma ishara za redio: umepitisha, rudisha, sogeza kushoto. Jaribio la kwanza, tarehe 6 Julai, halikufaulu. Tarehe 11 Julai wakarudi. Safari hii ndege yenyewe ilipigwa na injini ikaharibika, lakini yule mtazamaji aliendelea kutuma masahihisho wakati wanashuka kuelekea mtoni! Wote wawili, yeye na rubani, waliokolewa. Königsberg iliwaka moto, na Wajerumani wenyewe wakaimalizia.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10 ya meli ile, ikakokotwa nchi kavu na wapagazi Waafrika, ikatumika tena vitani. Ukifika Fort Jesus mjini Mombasa utauona mmoja wa mizinga hiyo. Jicho la angani lilisaidia kuizamisha meli, ila halikuvimaliza vita.

3. Kwa nini kupanda juu?

Hapa ni lazima tuazime somo la fizikia na jiografia. Dunia ni mviringo. Mtu mzima akisimama ufukoni pale Malindi, upeo wa macho yake baharini ni kama kilomita 5 tu. Mawimbi ya rada nayo husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga, kwa hivyo hayawezi kuinama kufuata mgongo wa dunia.

Sasa hebu tupige hesabu. Weka rada juu ya mlingoti wa mita 20. Ndege ya adui inakuja chini chini, mita 100 tu kutoka ardhini, kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, yaani kilomita 15 kwa kila dakika. Rada yako itaigundua ikiwa imebakisha kama kilomita 60. Una dakika 4! Katika dakika hizo uamke, uvae viatu, upige simu na urushe ndege zako. Haiwezekani. Lakini ukiipandisha rada hiyo hadi mita 9,000, itamwona yule yule adui akiwa zaidi ya kilomita 300. Umepata dakika 20 na zaidi. Katika vita, dakika hizo ni uhai.

Kuna tatizo moja. Rada ikitazama chini kutoka juu, ardhi yote hurudisha mwangwi: milima, nyumba, miti. Ndege ya adui hupotea humo kama sindano kwenye nyasi. Wataalamu walilitatua kwa kanuni ya Doppler. Kanuni hii unaijua hata kama hujui jina lake. Simama kando ya barabara, matatu ije mbio huku ikipiga honi. Ikikujia, sauti huwa nyembamba. Ikishakupita, sauti hushuka na kuwa nzito. Mawimbi ya rada pia hubadilika hivyo yanapogonga kitu kinachotembea. Kompyuta huacha kila kilichotulia na kuonyesha kile kinachokwenda. Ama kweli, ukiona vyaelea jua vimeundwa.

4. Aina za ndege hizi

Kwa muhtasari, tunaweza kuzigawa katika mafungu matano.

(a) Za picha. Maarufu zaidi ni U-2 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. Hupanda zaidi ya mita 21,000, juu sana kuliko ndege za abiria.

(b) Za rada ya kutazama anga. Mfano ni E-3 ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1977. Mgongoni ina sahani kubwa yenye upana wa mita 9 inayozunguka polepole. Ndani yake wamo wataalamu waliokaa mbele ya viwambo, wakiwaelekeza marubani wa ndege za vita. Urusi ina ndege yake ya aina hii iitwayo A-50.

(c) Za rada ya kutazama ardhi. E-8 ya Marekani iliweza kuona magari yakitembea jangwani usiku, hata kukiwa na mawingu. Ndege hizo zilistaafishwa mwaka 2023.

(d) Za kunasa mawimbi. RC-135 husikiliza redio na rada za adui na kupima zinatoka upande gani. Hii si jicho, ni sikio.

(e) Zisizo na rubani. Hizi hukaa angani saa nyingi kwa sababu hakuna rubani wa kuchoka humo ndani. Katika vita vya Nagorno-Karabakh vya mwaka 2020, Azerbaijan ilizitumia kutafuta na kupiga vifaru vya Armenia, na majeshi mengi duniani yakaanza kuzitafuta kama njugu.

Nguvu ya ndege hizi zikishirikiana ilionekana katika vita vya Ghuba mwaka 1991. Ndege za E-3 ziliruka safari zaidi ya 400, na karibu kila ndege ya Iraq iliyodunguliwa angani ilitunguliwa na rubani aliyesaidiwa na habari zao. Ndege 2 za E-8, zilizokuwa bado katika majaribio, zilipelekwa huko na kuonyesha misafara ya Iraq ikitembea gizani. Hapo ndipo watetezi wa mdahalo wetu wana haki ya kupiga kifua. Jeshi la Iraq lilikuwa kubwa, lakini lilipigana kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni na yule asiyefungwa.

5. Kuba, 1962: pale kuona kulipofuatwa na kutambua

Tarehe 14 Oktoba 1962, Meja Richard Heyser alirusha U-2 juu ya kisiwa cha Kuba na kurudi na picha 928. Usifikiri kwamba picha hizo zilikuwa na maandishi makubwa yakisema haya ni makombora! Mtu wa kawaida angeona mashamba, njia za magari, mahema na vitu virefu vilivyofunikwa kwa turubai. Wachambuzi wa picha mjini Washington ndio waliokaa chini tarehe 15. Walipima urefu wa vitu vile, wakalinganisha na yale waliyokuwa wameyapata kuhusu makombora ya Kisovieti, yakiwemo maelezo yaliyovujishwa na afisa wa Kisovieti, Oleg Penkovsky. Ndipo wakatamka: haya ni makombora yanayoweza kufika miji ya Marekani.

Asubuhi ya tarehe 16 Rais Kennedy aliambiwa. Tarehe 25 picha zilionyeshwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tarehe 27 Meja Rudolf Anderson alidunguliwa juu ya Kuba akafa. Tarehe 28 Khrushchev alikubali kuyaondoa makombora.

Basi watetezi watasema: si mnaona? Picha ziliokoa dunia! Naam, zilisaidia sana. Lakini subiri kidogo. Wakati ule ule majenerali wengine walikuwa wakimhimiza Kennedy akivamie kisiwa. Wasichokijua ni kwamba kisiwani palikuwa na wanajeshi wa Kisovieti zaidi ya 40,000, wengi mno kuliko walivyokadiria. Isitoshe, tayari kulikuwa na silaha ndogo za nyuklia za kutumiwa dhidi ya wavamizi. Siri hiyo ilikuja kufahamika wazi miaka 30 baadaye, mwaka 1992. Lau Wamarekani wangetegemea walichokiona tu na kuvamia, huenda leo hatungekuwa na cha kusimulia. Kilichoiokoa dunia ni picha pamoja na subira ya kukubali kwamba picha haionyeshi kila kitu.

6. Pale kuona kulipodhaniwa ni kujua

Nitatoa visa viwili. Naomba uvisome polepole.

Kisa cha kwanza ni cha tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraq. Helikopta 2 za jeshi la Marekani zilikuwa zimebeba maafisa wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Waingereza, Wafaransa, Waturuki na Wakurdi. Juu yao ilikuwapo ndege ya E-3, ile yenye rada mgongoni. Ndani ya ndege hiyo walikuwamo watu waliokuwa wamezungumza na helikopta zile na kuziona katika viwambo vyao. Zikaja ndege 2 za vita za Marekani. Marubani wakauliza juu ya helikopta walizoziona mbele. Masafa ya redio hayakuwa sawa, ishara za kujitambulisha hazikuwa sawa, na hakuna aliyesema: ngojeni, hao ni wenzetu. Marubani walipita karibu, wakatazama kwa macho yao, wakadhani ni helikopta za Iraq. Walipiga. Watu 26 wakafa, wote wa upande mmoja.

Jamani! Hapo hapakukosekana jicho. Palikuwa na rada ya bei ghali kuliko zote, palikuwa na macho ya marubani wawili, na mchana ulikuwa mweupe. Kuona kulikuwapo tele. Kutambua ndiko kulikokosekana.

Kisa cha pili ni cha Kabul, Afghanistan, tarehe 29 Agosti 2021. Siku tatu kabla, bomu lilikuwa limeua watu wengi katika uwanja wa ndege wa mji huo, kwa hivyo Wamarekani walikuwa na wasiwasi mkubwa. Ndege zisizo na rubani zililifuata gari jeupe aina ya Toyota kwa muda wa saa 8 hivi. Dereva alionekana akisimama hapa na pale, akipakia vitu kwa uangalifu. Wakaamua ni mlipuaji, wakarusha kombora. Kumbe yule bwana alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na vile vitu vilikuwa madebe ya maji. Walikufa raia 10, na 7 kati yao ni watoto. Tarehe 17 Septemba jeshi la Marekani lenyewe lilikiri kwamba lilikosea.

Saa 8 za kutazama! Rudi kwa mwalimu wetu wa zamu. Hata angesimama dirishani tangu gwaride la asubuhi hadi chakula cha jioni, bado asingejua kilichomo ndani ya daftari la mwanafunzi. Kutazama kwa muda mrefu humpa mtu hisia kwamba anajua, na hisia hiyo ndiyo hatari. Mtu ambaye haoni kitu huwa mwangalifu. Anayeona nusu huwa na ujasiri wa anayeona yote. Wahenga walituonya: usimwone simba amenyeshewa ukadhani ni paka. Mimi naongeza kwamba hata paka usimdhanie simba.

7. Jicho nalo lina udhaifu wake

Kwanza, adui si mjinga. Mwaka 1999 majeshi ya NATO yaliishambulia Yugoslavia kwa siku 78. Waserbia waliweka vifaru bandia na madaraja bandia, na baadhi ya mabomu ya bei kali yakaangukia vitu visivyo na thamani.

Pili, ndege kubwa ya rada haiwezi kujificha. Yenyewe hutoa mawimbi makali, kama mtu anayemulika tochi gizani: anaona, na anaonekana. Mnamo Januari na Februari 2024 Ukraine ilitangaza kwamba imedungua ndege za Urusi aina ya A-50. Ndege hizo ni chache, na kila moja hubeba wataalamu ambao huchukua miaka mingi kufunzwa.

Tatu, kila ndege lazima itue. Tarehe 5 Januari 2020 wanamgambo wa Al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, huku kwetu Lamu. Wamarekani 3 waliuawa na ndege kadhaa, zikiwemo za upelelezi, ziliharibiwa. Ndege inayoweza kuchungulia mbali kutoka angani iliteketea ardhini, kwa watu waliokuja kwa miguu kupitia vichakani.

8. Hitimisho

Je, nani alishinda mdahalo? Kwa maoni yangu, pande zote zilikosa swali lililo muhimu. Tusiulize tu nani ana macho. Tuulize ni nani anayepokea kile macho yalichoona, ana muda kiasi gani wa kukipima, na je, yuko mtu mwenye ruhusa ya kusema "ngoja kwanza"? Kuba mwaka 1962 mtu huyo alikuwapo. Iraq mwaka 1994 na Kabul mwaka 2021, hakusikika.

Baadhi yetu tutakuwa marubani, wanajeshi, wahandisi wa kompyuta, au waandishi wa habari watakaoonyeshwa picha kutoka angani na kuambiwa: tazama, yule pale ni adui. Siku hiyo tukumbuke somo la sarufi tunalolijua tangu shule ya msingi: kitenzi kuona na kitenzi kujua ni vitenzi viwili. Atakayevifanya kimoja atalipa kwa damu ya mtu mwingine.

Msamiati

Delta: mahali mto unapogawanyika katika matawi kabla ya kuingia baharini.
Kudungua: kuangusha kitu kilichoko angani kwa kukipiga.
Kuopoa: kutoa kitu kilichozama majini.
Manowari: meli ya vita.
Mchambuzi: mtu anayechunguza jambo sehemu kwa sehemu ili kupata maana yake.
Mwangwi: sauti au wimbi linalorudi baada ya kugonga kitu.
Upeo wa macho: mwisho wa pale jicho linapoweza kufika.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya kuona, kutambua na kujua kwa kutumia kisa kimoja kutoka makala haya.
2. Kwa nini rada iliyoko angani humwona adui anayeruka chini mapema kuliko rada iliyoko ardhini?
3. Ndege ya adui ina mwendo wa kilomita 720 kwa saa. Ikigunduliwa ikiwa umbali wa kilomita 60, una dakika ngapi?
4. Taja mambo mawili ambayo picha za Kuba hazikuweza kuonyesha.
5. Tunga hadithi fupi inayolingana na methali: usimwone simba amenyeshewa ukadhani ni paka. Hadithi bora itasomwa katika mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao.